Baina ya Posa na Tosa

Kumbukumbu ya kompyuta, ile ambayo mafundi huiita RAM, huhifadhi kila kitu kwa biti, yaani alama ndogo kuliko zote, ambayo huwa sifuri au moja na haina hali ya tatu. Na kwa kuwa kila biti ni chaji hafifu ya umeme iliyofungiwa ndani ya silikoni, hutokea mara chache chaji hiyo ikavuja au ikavurugwa, sifuri ikawa moja, pasipo kengele kulia wala taa kuwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Intel walibaini kwamba chembe za alfa zitokazo katika mabaki ya urani yaliyomo kwenye ganda la chipu lenyewe zaweza kuleta balaa hilo, na wale wa IBM wakaongeza kuwa miale ya anga za juu nayo inaweza. Kwa hiyo mtu anayedai kuwa nyota zimemharibia hesabu hasemi uongo mtupu, ingawa si neno la kumwambia mkwe.

Ukubwa wa hasara hutegemea mahali biti ilipogeukia. Katika picha ya mbuzi, huharibika nukta ambayo mbuzi mwenyewe asingeikumbuka. Maandishi hayana huruma hiyo, kwani katika ASCII, utaratibu unaoipa kila herufi nambari yake, p ndogo ni 112 na t ndogo ni 116, tofauti ambayo ni ya biti moja tu, hivyo barua ya posa yaweza kuwafikia wazee ikiwa barua ya tosa, na kijana aliyeandika “nampenda” akasomeka “namtenda”, jambo ambalo pengine lina ukweli zaidi. Nambari ndizo hatari kuliko vyote: mchango wa harusi wa shilingi 50,000, ikigeuka ile biti yenye thamani ya 1,048,576, huwa 1,098,576, na mchangaji huketishwa meza ya mbele. Huko Schaerbeek, Ubelgiji, katika uchaguzi wa 2003, mgombea mmoja alizidishiwa kura 4,096, idadi ambayo ni mbili kwa kipeo cha 12, yaani thamani kamili ya biti moja. Kosa liligunduliwa kwa sababu kura zake zilipita kiasi kilichowezekana, na wataalamu, walipokosa dosari katika programu, wakaielekezea kidole biti iliyogeuka.

Dawa yake ni ya zamani. Richard Hamming wa Bell Labs, aliyechoshwa na mashine ambayo ikikuta kosa mwishoni mwa juma iliitupa kazi yake na kushika ya mwingine, alichapisha mwaka 1950 mfumo wa biti za ukaguzi, na kumbukumbu isahihishayo makosa inafuata njia hiyo: kila biti 64 za data huongezewa 8 za ukaguzi, kosa la biti moja hurekebishwa papo hapo, na la biti mbili hutambuliwa bila kurekebishwa. Ndiyo maana mara nyingi kibao cha kumbukumbu hiyo, yaani kipande kinachochomekwa kwenye kompyuta, huwa na chipu tisa badala ya nane, ya tisa ikiwa haina kazi nyingine ila kuwachongea wenzake.

Mwandishi wa insha hii, akiwa na elimu hiyo ya kuhesabu chipu, alinunua kibao kilichotumika, akahesabu kumi, akaamini ameongezewa. Kompyuta haikuwaka. Ile ya kumi, iliyokaa katikati, ilikuwa rejista, chipu inayopokea amri na kuzipitisha, nayo ni ya vibao vya seva ambavyo ubao mama wa kompyuta ya kawaida hauvikubali.

Utafiti uliochapishwa 2009 kuhusu seva za Google ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 8 ya vibao vilipata kosa ndani ya mwaka, na kwamba mengi yalielekea kutokana na vifaa vibovu kuliko miale ipitayo. Hapo ndipo faida kubwa ilipo, kwani kumbukumbu isahihishayo makosa hutaja kibao kinachokufa, ilhali katika kompyuta nyingi za nyumbani lawama huangukia virusi, Windows, au mpwa aliyekuja likizo. RAM ya kizazi cha DDR5 nayo hurekebisha makosa ndani ya chipu zake, lakini hailindi njia ya kwenda kwenye prosesa, kwa hiyo muuzaji anayesema “zote siku hizi zinayo, bosi” amesema nusu.

Mtazama filamu afadhali anunue betri ya kumkinga na umeme unaokatika. Mtunza fedha za watu achukue kumbukumbu isahihishayo makosa, pamoja na prosesa na ubao mama unaoikubali, ila ajue kwamba mfumo huweka orodha ya makosa yaliyotokea, na ambaye kosa lake halimo katika orodha hiyo hawezi tena kusema kompyuta ilikorofisha. Pendekezo hili lilipofikishwa kwenye kamati moja ya harusi, aliyetangulia kunyoosha mkono na kusema fedha hazitoshi alikuwa mweka hazina.