Pointi 312

Ukiwa Alexandra, kitongoji cha Johannesburg, na unataka kujua alama zako zina maana gani, usikisubiri chuo. Chuo kitajibu mwezi wa tatu. Majirani wanajibu papo hapo.

GRE, ule mtihani wa Wamarekani kwa wanaoomba kusoma uzamili, siku hizi vyuo vingi vimeufanya wa hiari. Hiari hiyo naijua: ni ileile ya mchango wa harusi. Hulazimishwi, ila kadi ina jina lako na mweka hazina ana kumbukumbu nzuri. Nikalipa ada, nikaomba kuufanyia nyumbani.

Masharti yake: uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, msimamizi akuone kwa kamera na umzungushie kompyuta akague kuta zote. Hesabu hufanyii kwenye karatasi ya kawaida, bali kwenye kibao cheupe cha kufutika. Aliyeyatunga hajawahi kupanga chumba cha bati uani Alex, ambako jirani akikohoa unamwambia pole bila kupaza sauti. Mama mwenye nyumba alitoa kiti akakaa langoni kunilindia utulivu. Kwa karibu saa mbili, kelele pekee niliyoisikia ilikuwa yake, akiwafokea watu wanyamaze.

Ukimaliza, kabla hujaona chochote, kompyuta inakuuliza: alama zihesabiwe au zifutwe? Nikabonyeza zihesabiwe. Lugha 158, hesabu 154. Sasa, kila sehemu inaanzia 130 na kuishia 170, kwa hiyo hata aliyekosa karibu kila kitu anaondoka na 130 zake mkononi. Mambo hayo Mama hakutaka kuyasikia. Alichukua simu, akagawanya 312 kwa 340, akapata asilimia 91 na ushee. Kwenye Matric, mtihani wa kumaliza sekondari Afrika Kusini, daraja la juu kabisa linaanzia 80 tu. Hadi jioni uani kote nilikuwa profesa.

Nikajaribu kumweleza kwamba chuo kinaangalia umewazidi wenzako wangapi, na kwenye hesabu wenzangu ni mainjinia wa dunia nzima.

“Mandela alipanga hapahapa Alex akisoma kwa mshumaa,” akanikata. “Akaenda chuo kikuu cha Wits, akatoka bila shahada ya sheria. Wewe una 91, unalia nini?”

(Shahada hiyo aliipata 1989, kwa masomo ya mbali ya chuo kikuu cha Unisa, akiwa bado mfungwa. Karibu miaka arobaini baadaye. Sikuona sababu ya kulitaja hilo.)

Nikampigia baba, Kigoma. Baba ni mwalimu mstaafu, na kwetu Tanzania pointi ni kama deni, zikipungua ndiyo heri: kidato cha nne, daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, na ukifika 34 umepata ziro.

“Shikamoo, baba. Matokeo yametoka.”

“Marahaba. Pointi ngapi?”

“Mia tatu na kumi na mbili.”

Nikasikia redio ikizimwa upande wa pili.

“Mama yako yuko jikoni,” akasema kwa sauti ya chini. “Tusimwambie leo.”

Nikamweleza vyote: 130, 170, wale mainjinia, hiari. Salio lilikaribia kwisha. Alinisikiliza kwa subira ya mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote.

“Nimekuelewa, mwanangu,” akasema. “Sasa unarisiti lini?”