Mrusi Hauzwi

Ninamiliki Mrusi mmoja, Mswidi mmoja, Mkanada mzee aliyewahi kumlamba mpinzani usoni katikati ya mechi, na kundi la vijana wengine ambao hakuna hata mmoja anayejua kwamba yuko mikononi mwa mtu wa Gatumba, Burundi. Wote wanacheza hoki ya barafuni. Mimi barafu naijua ya aina mbili: ya kwenye soda na ya kwenye makasha ya samaki.

Chanzo ni binamu yangu aliyeko Ottawa. Kazini kwake, kwenye ghala, wenzake wana ligi ya kubuni ya hoki, na mmoja wao alihama akaitelekeza timu. Timu ya namna hiyo wanaiita yatima. Binamu, ambaye tangu utotoni hawezi kumwona yatima bila kumtafutia mtu mwingine wa kumlea, akanitumia kiungo.

Ligi za kubuni si ngeni kwetu. Vijana wa ligala, kijiwe chetu, wanaicheza ile ya Ligi Kuu ya Uingereza: unapewa pauni milioni 100 za hewani, unasajili wachezaji 15, wakifunga unavuna alama, Mei ikifika kila kitu kinafutwa, Agosti mnaanza upya kana kwamba hamjawahi kutukanana. Hii ya binamu haifutwi. Mchezaji uliye naye ni wako mpaka astaafu, umuuze au umtimue, na ndiyo maana kazi kubwa iko kiangazi, wakati hakuna hata mechi moja. Ndipo watu wanapobadilishana wachezaji, wanapouziana haki ya kuchagua vijana wa mwakani na wa mwaka wa kesho kutwa, na kugombania watoto wa miaka 18 ambao huenda wasikuletee chochote kwa miaka mitatu, kama mtu anayepanda mchikichi. Inasemekana mambo haya yalipata umbo mwaka 1980 huko New York, waandishi na wahariri walipokutana kwenye mkahawa wa La Rotisserie Française na kubuni timu zao za besiboli. Nadhani hakuna aliyewaonya kwamba yatafika mpaka wa Kongo.

Shida ya kwanza ilikuwa mtandao. Kwangu mawimbi ya simu hayafiki mpaka usogee karibu na barabara kuu, ile iendayo mpakani. Sasa, ligi yenyewe ya Amerika Kaskazini iligawana vijana wake wapya usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 2025. Huko Los Angeles ilikuwa jioni njema, watoto wamevaa suti. Kwetu ilikuwa saa saba ya usiku, na saa hiyo barabara ni ya viboko. Tangu maji yaanze kupanda, viboko wa mto Rusizi wanatembea Gatumba kama watu waliokuja kukagua viwanja. Nikalala. Asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti wa binamu, mrefu kuliko hotuba ya harusi: Islanders wa New York wamemchukua beki, Matthew Schaefer, San Jose wamemchukua Michael Misa, Chicago wamemchukua Anton Frondell wa Uswidi. Binamu alikuwa analia kwa furaha. Sikujua kama nimpe hongera au pole.

Karibu na barabara, penye mawimbi mazuri kuliko pote, ndipo alipo Mama wa mikeke, muuza samaki. Huwezi kuzungumza simu pale bila yeye kusikia, na akisikia huwezi kumzuia kuchangia. Siku ya kwanza alitaka kujua hao vijana wanafanya nini hasa. Nikamweleza: wanavaa viatu vyenye visu, wanakimbia juu ya barafu, wanagombania kisahani cheusi cha mpira ambacho kabla ya mechi kinagandishwa ili kisirukeruke. Alikuwa anavunja bonge la barafu kwa kisigino cha panga, vipande vinaingia chini ya mikeke, maji yanachuruzika kati ya vidole vyake vya miguu. Akasimamisha panga.

“Wanagandisha kitu kisichooza?”

Nikamwambia ndivyo. Nikaongeza kwamba kwenye ligi yetu mchezaji anapata alama hata akimbamiza mwenzake ukutani. Akaniangalia kwa muda, halafu akamuuliza mteja wake kama anataka wa kukaanga au wa kuchoma.

Lakini biashara anaijua. Tarehe 1 Julai ni siku nzito: sisi tunasherehekea uhuru wa 1962, Wakanada nao wana sikukuu yao ya taifa, na siku hiyohiyo ligi ya hoki hufungua soko la wachezaji waliomaliza mikataba, saa sita mchana kwao, saa kumi na mbili jioni kwetu. Habari kubwa ilikuwa Mitch Marner. Kijana wa Markham, jirani kabisa na Toronto, alikuwa ameichezea Toronto misimu tisa, msimu uliokuwa umekwisha alipata pointi 102, na sasa alikuwa anakwenda Las Vegas kwa miaka minane, dola milioni 12 kila mwaka.

“Las Vegas ni wapi?”

“Jangwani, Mama.”

“Barafu jangwani.” Akafuta mikono. “Basi hata Gatumba siku moja.”

Kwenye ligi yetu Marner alikuwa wa jamaa mmoja, shabiki wa Toronto wa kufa na kuzikana, na jamaa huyo alikuwa amenuna kama mtu aliyeachwa kwa ujumbe wa simu. Alitaka Marner aondoke machoni pake siku hiyohiyo. Binamu akasema huu ndio wakati. Nami nilikuwa tayari kutaja bei, Mama akanishika mkono, mkono wote ukanuka samaki.

“Mwenye hasira hatajiwi bei. Mwulize hali, kaa kimya.”

Nikamwandikia jamaa: pole kwa yaliyokupata. Nikakaa kimya. Kule Ottawa binamu alikuwa anachanganyikiwa. Baada ya muda jamaa akajibu mwenyewe kwamba angependa Ivan Demidov, huyo Mrusi wangu, aliyetoka Saint Petersburg Aprili kwenda Montréal na ambaye ndiye kitu pekee cha maana nilichokirithi kwenye ile timu yatima. Hapo binamu akapiga simu, nami nikapokea kando ya barabara, malori ya Uvira yakinguruma, watu wakirudi kutoka kwenye gwaride la mjini, wengi wao majirani zangu. Ilibidi nipige kelele ili nisikike.

“Mrusi hauzwi! Ana miaka 19, mzima, goti halina shida! Mwambie nampa yule wa miaka 31 na kijana mmoja wa kiangazi hiki. Ndiyo, kijana yeyote atakayemtaka, atachagua mwenyewe! Na yule mzee mlambaji akimtaka namwongezea bure!”

Jamaa akakubali. Alimtaka Morgan Rielly, beki aliyekuwa Toronto tangu 2013, kwa sababu huyo, alisema, hajawasaliti. Mzee mlambaji, Brad Marchand, alimkataa hata kwa bure. Nikampata Marner, Mama akapiga makofi, na mimi nikarudi nyumbani nimejaa sifa bila kugundua kwamba barabara nzima ilikuwa imenyamaza.

Gatumba ni mahali pa mpaka. Hapa watu wanavusha unga, mafuta, vitenge, nyanya, na kila mtu anajua nani anavusha nini. Mtu aliyesikika tarehe 1 Julai akigawa vijana, tena na Mrusi ndani yake, hazungumzwi siku moja tu. Siku zile salamu zilibadilika. Shemeji yangu aliuliza, kwa upole mwingi, kama nina matatizo ya fedha. Mama mmoja wa jirani alimwita mwanawe ndani nilipopita.

Hatimaye nyumbakumi akaja, alfajiri, na wazee wawili nyuma yake. Alishika kaye ya menaji, lile daftari ambamo kila nyumba inaandikiwa wakaaji na wageni wake. Tukaulizana amahoro, tukaulizana watoto, tukaulizana mvua ambayo wote tulijua haiji Julai. Kisha akafungua ukurasa wangu.

“Mwenyeji, tumesikia una vijana.”

“Ninao, mzee, ila si wa hapa.”

“Mrusi analala wapi?”

“Montréal.”

“Hayumo humu.” Akaligeuza daftari nione. Kweli, hakuwemo.

Nikaeleza. Ukitaka kujua kama unakifahamu kitu, kieleze kwa wazee watatu kabla ya chai. Nilipofika kwenye neno yatima mmoja wao akatikisa kichwa kwa huzuni. Nikakumbuka kuwa kuna hoja ya kutusogeza nyumbani, nikawaambia hata damu ya Afrika Mashariki imo kwenye mchezo huu: Johnny Oduya, mzaliwa wa Stockholm, baba yake Mkenya, ametwaa kombe kubwa na Chicago mwaka 2013 na tena 2015.

“Na huyo ulimuuza kwa nani?” akauliza nyumbakumi.

Kilichobaki ni ushahidi, na ushahidi ulikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa kibandani inachajiwa kwa sababu umeme haukuwepo tangu juzi yake. Tukaondoka wote wanne, mimi katikati. Ukitembea Gatumba asubuhi katikati ya nyumbakumi na wazee, huna haja ya kumweleza mtu chochote. Watu wanajieleza wenyewe, na wanajieleza vibaya.

Ikumbukwe kwamba wiki ile ligi yetu nayo ilikuwa inagawana vijana wapya. Kila timu ina saa nane za kuchagua, zikipita unarukwa. Kijana wa kuchaji simu namba yangu ya siri anaijua, maana ndiye anayeniwekea salio, na ni kijana mwenye roho nzuri. Alipotuona tu akasimama, akachangamka.

“Baba, simu yako imelia usiku kucha! Walisema muda unakwisha, uchague mtoto. Nikaona nisikutupe. Nimekuchukulia mmoja, mrefu, karibu mita 2!”

Nyumbakumi akafungua tena daftari.

Alikuwa amemchukua Joshua Ravensbergen, golikipa wa San Jose. Si mchezaji mbaya. Tatizo ni kwamba kwenye ligi hizi kila mwongozo unakataza kuharakia makipa wachanga, kwa sababu ndio wanaokawia kuliko wote kuiva. Unaweza kumlea miaka mitano akaishia kukaa benchi la mtu mwingine. Lakini kijana wa kibanda anadaka kwenye uwanja wetu, tena anadaka vizuri, na alipoona orodha yote ya majina akatafuta herufi G tu, kwani gardien ni gardien popote. Sikuwa na la kumwambia mbele ya watu wale. Nikamshukuru.

Angalau simu ilikuwa imejaa. Nikawaonyesha wazee picha za video. Ya kwanza iliyofunguka, kwa bahati yangu, ilikuwa ya wanaume wawili wametupa glovu wanatwangana ngumi, waamuzi wamesimama pembeni wanatazama. Nikasema hiyo ni adhabu ya dakika tano tu, wakimaliza wanarudi kucheza. Mzee wa kwanza akaomba irudiwe. Wa pili akasema hicho si kitu cha kuweka fedha, na mimi nikasema hakuna fedha, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nyumbakumi aliniangalia kwa wasiwasi wa kweli.

Mzee wa kwanza ana maoni yake kuhusu vijana wa matarajio, na alitupa palepale. Anamkumbuka Saido Berahino, mtoto wa Bujumbura aliyekwenda Uingereza akiwa mdogo, akafunga mabao 20 kwa West Brom msimu wa 2014/15, Tottenham wakamtaka, wakakataliwa. Kisha likaja pengo la siku 913 bila bao, mpaka Agosti 2018 akiwa Stoke. “Siku 913,” mzee akarudia, “na sisi redio tunaifungua kila Jumamosi.” Hakuna aliyesema neno. Kijana wa kibanda akauliza kama Ravensbergen naye ataitwa siku za karibuni. Nikamwambia avumilie kidogo.

Nyumbakumi aliandika kitu kwenye ukurasa wangu. Sikuonyeshwa. Alipoondoka aliomba nimwarifu iwapo kuna kijana mwingine atakayeingia au kutoka, na tangu hapo namwarifu kweli. Marner nilimtangaza rasmi, pamoja na mshahara wake. Siku hizi akinikuta ligala anauliza Mrusi hajambo, watu wanacheka, naye hacheki.

Mama wa mikeke yeye hana muda na yaliyopita. Alitaka kujua habari za mwaka unaofuata. Nikamweleza kuhusu Gavin McKenna, mtoto wa Whitehorse, Yukon, kaskazini mno, ambako hata Wakanada wanakuona mbali. Wengi waliamini ndiye angeongoza kundi la 2026. Akauliza goti. Goti zima. Akauliza tunampataje. Nikamwambia hapo ndipo penye kazi: wa kwanza kuchagua anatoka miongoni mwa walioshika mkia, na sisi kwa kumnunua Marner tumeshakuwa wazuri mno.

“Nani atashika mkia?”

Kuna jamaa wa Calgary, nikasema, wachezaji wake wote ni wazee na mwenyewe bado anadhani ana timu.

Akafunika mikeke kwa gunia, akaangalia kushoto na kulia barabarani, akanisogelea. “Basi huyo ndiye tunayenunua kwake. Na jina la mtoto usilitaje tena hapa. Wakisikia tunamtaka, bei inapanda.”