Masharti Matano ya Mpiga Picha Asiyetaka Kuhamia Nairobi

Kijana wa Migori au Homa Bay akitangaza kwamba anataka picha zake ziwe sanaa, ushauri haukawii: nunua kamera kubwa, uhamie Nairobi. Mwongozo huu unashauri kinyume. Ukiufuata, majirani watauliza kama u mzima. Waambie u mzima kabisa.

Sharti la kwanza: funga pochi. Kabla hujakopa kwenye chama ili ununue lenzi, panda mashua hadi kisiwa cha Mfangano ukaone michoro ya miambani ya Kwitone na Mawanga, inayohusishwa na Watwa, wawindaji wa zamani za kale. Walikuwa na nyekundu na nyeupe, basi. Kwa hizo mbili wakachora miduara ambayo hadi leo watu hukwea mlima kuitazama. Mpiga picha Thandiwe Muriu wa Nairobi naye, katika mfululizo wake uitwao Camo, humsimamisha mwanamke aliyevaa kitambaa mbele ya kitambaa kilekile, na kumvisha miwani iliyoundwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Chagua basi kitu kimoja, iwe ni nyavu au milango ya maduka ya Rongo, ukishughulikie mwaka mzima. Akili ikibanwa hutafuta pa kutokea, na hapo ndipo ubunifu huanza.

Sharti la pili: rudi palepale hadi mbwa wachoke kukubwekea. Tangu boma la mawe la Thimlich Ohinga liingizwe katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018, wageni hufika, hupiga picha ya ukuta, huenda zao. Wewe rudi masika na kiangazi, alfajiri na jioni. Kuta hizo, zinazokadiriwa kuwa za karne ya 16, ni mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kuyashika. Jua likiwa la utosini, utaona ukuta bapa usio na neno. Saa moja asubuhi mwanga huupiga ubavuni, kila jiwe likapata kivuli chake, ukaona dogo lilivyosukumwa katikati ya makubwa mawili ili yasicheze. Ustadi wa fundi wa miaka mia tano iliyopita umekaa kwenye kivuli hicho, na aliyekuja mara moja saa sita mchana hakuuona.

Sharti la tatu: tafuta walimu wako gizani. Wavuvi wa omena wa Sori na Mbita huingia ziwani usiku wa kiza, kwa kuwa omena hufuata taa, na mwezi mpevu huzima nguvu ya taa hizo. Riziki yao hutegemea kujua mwanga mdogo unafanya nini ndani ya giza kubwa. Waulize, uwasikilize kwa heshima ya mwanafunzi. Kisha piga picha ya uso kwa taa ileile ya mashua, flashi ikiwa imezimwa. Nusu ya uso itapotea. Iache ipotee, mtazamaji ataimalizia mwenyewe.

Sharti la nne: piga moja, ushushe kamera. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Filamu ilikuwa ghali, hivyo mteja alipigwa mara moja tu kwa kawaida. Mkono, bega na mkunjo wa nguo vilipangwa kabla. Jaribu hilo na mama anayeanika omena ufukweni. Msalimie kwanza, "Oyawore, mama," muulize bei, umsaidie kugeuza. Tazama magamba ya rangi ya fedha yaliyomganda hadi kwenye kiwiko, na jinsi anavyotandaza samaki kwa kiganja bila kuwatazama. Ukishajua picha iko wapi, omba ruhusa. Akikubali, piga moja. Akikataa, endelea kugeuza omena. Jicho lako limeshafunzwa.

Sharti la tano: osha picha, umpelekee mwenyewe. Kabla ya mtandao, kabla ya maonyesho, mpe aliyepigwa nakala ya karatasi. Atakuambia yale ambayo mashabiki hawatakuambia: kwamba umemzeesha, au umeacha nje mtumbwi ambao ndio fahari yake. Usijitetee. Nenda naye hadi kwenye mtumbwi, umpige tena. Siku atakapoitundika picha yako ukutani karibu na kalenda na picha ya harusi, umevuka mtihani mgumu kuliko wa ukumbi wowote wa Nairobi, kwa sababu ataishi nayo kila siku. Msanii hukua kwa kuwajibika kwa watu anaowaonyesha, na watu hao wako Sori, Mbita na Rongo, wanasubiri uwatazame vizuri.