Arbuni ya Mama Ngiri

Huko Yaeda Chini, bondeni chini ya milima ya Mbulu, kiangazi kikifika ukingoni ardhi hupasuka, na kila mwenye watoto hutafuta pa kuwalaza kabla mvua hazijashuka. Mama Ngiri alikuwa na watatu. Ngiri hana kucha za kuchimba shimo refu. Tangu enzi za mababu hulala katika mashimo ya Mhanga, yule mla mchwa, ambaye ukimkurupusha hujifukia ardhini ukimwangalia. Basi akamwendea magharibi, saa ambayo Mhanga huamka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama. Sema shida yako."

Wakapatana hapohapo. Shimo la kumtosha yeye na wanawe, kwenye mwinuko ambako maji ya bwawa la Yaeda hayafiki. Malipo vichuguu 12 vilivyomo katika malisho yake. Mhanga mwenyewe aliukwaruza udongo, akaunusa, akasema unachimbika. Kisha akaomba arbuni ya vichuguu 4. Mama Ngiri akamwonyesha kimoja baada ya kingine, na usiku ule Mhanga akavipasua vyote, akapitisha ulimi wake mrefu kwenye kila njia ya ndani, hata asibakize mchwa wa mbegu. Asubuhi vilibaki vifusi vya udongo mwekundu.

Siku ya tatu shimo lilikuwa na kina cha kuficha kichwa tu. Mhanga akatoka, akajikung'uta vumbi.

"Mama, mambo yamebadilika. Huku chini ni kugumu, na mchwa mwaka huu wameadimika. Itabidi uongeze 3."

"Lakini tulipatana, Fundi."

"Tulipatana sijaanza kuchimba. Kama huwezi, mtafute mwingine."

"Na vichuguu vyangu 4?"

"Hivyo vimeshaingia kwenye kazi."

Mama Ngiri aliomba mpaka usiku ukaingia, na Mhanga akaenda zake kutafuta chakula. Watoto wakalala nje, wamebanana kwenye lile shimo la kichwa, migongo wazi. Alfajiri chui alipita. Kulipokucha mama aliwahesabu wanawe, akarudia kuwahesabu, na mara zote mbili walikuwa wawili.

Baraza likaitwa chini ya mbuyu mkubwa, jua likizama, kwa kuwa mchana Mhanga hapatikani. Mzee Kobe akakaa penye mzizi. Wa kwanza kusema alikuwa Fisi, ambaye hukopesha nyama kwa riba na ana marafiki wengi.

"Soko ni huria," akasema. "Bei hupanda. Na huyu mama ana maandishi gani? Hawakuandikishana. Asiye na karatasi hana lake."

Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, kwa mafundi wa milango na kwa wauza mabati, na kila mara anayeisema huwa ameshashika hela ya mwenzake. Si kweli. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, huyatambua makubaliano ya hiari hata yakiwa ya mdomo, isipokuwa pale sheria nyingine inapotaka maandishi. Kifungu cha 37 humtaka kila upande atimize alichoahidi. Cha 73 humpa aliyevunjiwa ahadi haki ya kudai fidia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, hukataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei. Na Mahakama ya Mwanzo husikiliza shauri kwa Kiswahili, kwa hiyo hata mama asiyejua lugha nyingine anaweza kusimama na kusema: tulipatana kiasi hiki, nilitanguliza kiasi hiki, na huyu hapa alikuwepo akisikia.

Aliyekuwepo akisikia siku ile alikuwa Mlembe, ndege anayewaongoza Wahadzabe hadi kwenye asali. Akashuka tawi moja.

"Nilikuwa juu ya mgunga," akasema. "12 kwa jumla, 4 vya kutanguliza. Mhanga aliupima udongo kwa kucha zake mwenyewe. Na mimi jambo hili nalijua kwa tumbo langu. Namwita mtu, ananifuata kwa mluzi, namfikisha kwenye mzinga, naye huniachia nta. Lakini zipo siku huichoma au kuifukia, ili nizidi kuwa na njaa na kesho nimwongoze tena. Siku hizo nakaa tawini na kazi nimeshaimaliza. Nimdai kwa nguvu gani?"

Pakawa kimya. Mzee Kobe akaomba kokoto. Akazipanga mchangani polepole, kama afanyavyo kila kitu, na kila mtu akasogea kutazama.

"Mama akihamia kwa fundi mwingine," akasema, "amepoteza 4, na huko atalipa 12. Hizo ni 16. Akibaki kwako na nyongeza yako, analipa 15. Fundi, mbona hukuomba 5?"

Mhanga akatazama chini.

Hapo Nungunungu, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akasimama, miiba ikigongana. "Kwangu arbuni ilikuwa 6. Aliongeza 5. Nililipa, nikaona haya kusema."

"Kwangu 2," akasema Bweha. "Akaongeza 1."

Kila mmoja alidhani ni bahati mbaya yake peke yake, udongo wa kwake tu ndio uliokuwa mgumu. Kumbe ugumu haukuwa ardhini. Arbuni, ambayo mnunuzi huitoa ili aaminiwe, ilikuwa imegeuzwa kamba ya kumfungia, na nyongeza ilipimwa kwa urefu wa kamba: siku zote pungufu kidogo ya hasara ya kuondoka. Mimi naona huo ni wizi kamili, nao huumiza kuliko wa usiku, maana aliyeibiwa hulazimika kumshukuru mwizi kwa kummalizia kazi.

"Udongo uliupima wewe," akasema Mzee Kobe. "Ukikosea kupima, hasara ni yako. Arbuni inamfunga mtoaji na inamfunga mpokeaji. Utachimba mpaka kina mlichopatana, kwa vile 8 vilivyobaki, kabla usiku wa pili haujaisha. Hutaki, rudisha vichuguu 4 vyenye mchwa hai kutoka malishoni kwako. Nungunungu na Bweha warudishiwe walichoongeza."

Fisi akataka kusema, hakuna aliyemgeukia.

Kisha Kobe akamtazama Mama Ngiri, akaokota kokoto moja, akaishika muda mrefu. Alijua deni lililobaki ni lipi. Barazani pale hakutokea hata mmoja aliyetaja idadi ya vichuguu vya kulilipa. Akairudisha kokoto mchangani, mbali na zile nyingine.

Mhanga alichimba usiku kucha na usiku uliofuata. Kulipopambazuka shimo lilikuwa tayari, na udongo wake, nilivyosimuliwa, ulikuwa laini mpaka mwisho. Wingu la kwanza lilikuwa limetanda upande wa Ziwa Eyasi. Watoto wakatangulia kuingia, kichwa mbele, mmoja kisha wa pili. Mama akasubiri kidogo mlangoni. Kisha akageuka, akaingia kinyumenyume kama ngiri wote wakubwa, pembe zake zikitazama nje.