Mapumziko ya Magurudumu Manne

Hongera, mzee wetu wa Bariadi. Umetimiza miaka 60, umekabidhi funguo za ofisi, ukatutangazia kwamba sasa ni zamu ya kuiona nchi kwa gari lako: Maswa, Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, hadi pwani. Polepole, bila bosi. Tukapiga makofi.

Ila habari zimetufikia. Shinyanga umeiona kwenye kioski cha wakala, ukitoa pesa. Nzega umeijua kwa fundi pancha. Singida ina miamba na maziwa mawili, Kindai na Singidani. Wewe umeulizia bei ya mafuta ya alizeti na kuku wa kienyeji. Dodoma umezunguka ukitafuta dobi. Na kila ulipojinyoosha gesti, simu kutoka nyumbani: "Baba, umeme umekatika, tununulie luku."

Ofisini ulikuwa na mhudumu wa kutumwa. Leo mhudumu ni wewe, na ofisi inatembea. Basi wastaafu mnaofuata, kabla ya kuwasha gari, nunueni luku ya miezi mitatu. Nchi mtaiona baadaye.