Fuma Glavu za Noeli Kabla Noeli Haijakukuta

Anza Septemba. Anayeshika sindano tarehe 20 Desemba hufuma glavu moja, na glavu moja haimfai mtu, hata kama ni ya mkono wa kulia.

Kisha chagua wa kumpa. Mpwa anayepoteza kalamu kila wiki mfumie kofia. Shangazi atakayezihifadhi kabatini hadi Pasaka mpelekee sukari. Glavu zenye msokoto wa vitanzi ni za anayeamka gizani: dereva wa bodaboda anayetoka Rugaaga kuelekea Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, au muuza chai wa alfajiri kule Rubondo. Wilaya hii ya Isingiro, Uganda, imekaa juu, na mvua za mwisho wa mwaka huleta asubuhi zenye upepo unaouma mifupa. Na vidole lazima vibaki wazi, maana dereva huyo ndiye atakayebana klachi, kubonyeza simu na kurudisha chenji.

Sasa mpime. Ukimfuata na utepe wa fundi cherehani, zawadi imekwisha kujulikana. Msalimie kwa mkono. Ya kuulizana hayakosekani: Nakivale imekuwa ikipokea wakimbizi tangu 1958, na leo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wanakaa humo pamoja. Ukiuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba na za jamaa waliobaki ng'ambo ya mpaka, utaushika mkono huo kwa muda wa kutosha kuujua upana wake, na nusu ya kazi ya zawadi utakuwa umeimaliza kwa kusikiliza majibu.

Uzi mpya uko madukani Mbarara, lakini mimi napendelea sweta la mtumba. Geuza ndani utazame pindo la ubavuni. Likiwa limeunganishwa kwa mshono unaoweza kufumuliwa, nunua. Likiwa limekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache hapo hapo hata kama rangi inakuita, maana utavuna vipande vya uzi vifupi kama nywele za kinyozi. Ukishalifumua, zungushia uzi mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, ufue, kisha uuanike ukiwa umening'inizwa na kitu kizito chini. Usipofanya hivyo utafuma mikunjo ya sweta la zamani.

Sindano za milimita 4 zinatosha. Huna za duka? Spoku za baiskeli zimefuma masweta mengi Afrika Mashariki. Zisugue ncha mpaka zisikwaruze. Spoku ni nyembamba kuliko sindano hizo, basi fuma kwanza kipande kidogo cha kujaribia, upime ni vitanzi vingapi vinaingia katika sentimita 10. Vikizidi 21, ongeza hesabu ninayokupa hapa.

Kwa mkono wa mwanamume, anzisha vitanzi 44. Fuma viwili wazi, viwili kinyume, sentimita 5, ili kifundo kibanwe. Hapo gawanya: 22 vya kiganja, 22 vya mgongo wa mkono. Katikati ya mgongo tenga sita vya msokoto, na viwili vya kinyume kila upande ili usimame. Ongeza vitanzi vinne humo, kwa sababu msokoto hula upana. Wengi husahau hili na glavu huishia kumtosha mtoto. Kila mstari wa nane, weka vitanzi vitatu kwenye kijiti mbele ya kazi, fuma vitatu vinavyofuata, kisha urudie vile vya kijiti.

Wapo wanaodhani msokoto ni urembo. Ni urembo kweli, na sweta za visiwa vya Aran, Ireland, zinajulikana duniani kwa huo. Lakini vitanzi vinapopandana kitambaa huwa kinene, na unene huo unakaa mgongoni mwa mkono, pale pale upepo unapompiga dereva. Kiganja kiache laini kabisa. Msokoto kiganjani utamnyima mshiko, na hiyo ni pikipiki, si mchezo.

Glavu ya pili ianze na mgongo, kiganja kifuate, na kijiti ukiweke nyuma ya kazi badala ya mbele. Ukinakili ya kwanza, umemfumia mtu mwenye mikono miwili ya kulia.

Fuma sentimita 14 juu ya kifundo, funga vitanzi, shona ubavu, uache tundu la sentimita 5 la dole gumba. Mpe kabla ya tarehe 24, siku ambayo abiria na magunia hawamwachii nafasi hata ya kufungua mfuko. Bonane, yaani Mwaka Mpya, ikipita, muombe uzitazame. Ya kulia italika kwanza kiganjani, kwenye akseleta, kwa hiyo mabaki ya uzi usimgawie mtu: ndiyo ya kuzibia.