Inawaka Ikijisikia

Kompyuta iliyokufa kabisa ina heshima yake. Unaifunika kitambaa, unapanga rimu za karatasi juu yake, maisha yanaendelea. Hii ya kwangu haitaki kufa wala kupona.

Nina steshenari hapa Mbangala, wilayani Songwe. Nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti za watu wenye vumbi la mawe kwenye nyusi. Kila asubuhi nabonyeza kitufe cha CPU na kusubiri hukumu. Kuna siku feni inazunguka, taa ya kijani inawaka, kioo kinabaki cheusi tii. Kuna siku inalia mara tatu, ti-ti-ti, halafu inanyamaza. Na kuna siku inawaka moja kwa moja mpaka mwisho, nami najisikia nikiiambia asante, mtu mzima na mvi zangu.

Ikigoma, kila mteja ni fundi. "Zima, washa, bosi." Ushauri huu nimepewa na kila aliyekanyaga kizingiti changu, akiwamo bibi aliyekuja kumnunulia mjukuu kalamu. Kijana wa bodaboda yeye anaamini katika kofi: "Ipige ubavuni kidogo, mzee, huwa zinasikia." Kinachoniudhi ni kwamba mara nyingine inasikia kweli. Kompyuta hujikagua kabla ya kuamka, na kwenye BIOS za AMI kama hii yangu, ile milio mitatu mifupi ni malalamiko ya RAM. Meno ya RAM yakishika uchafu hayagusani vizuri na mazabodi. Kofi likiitikisa, yanagusana. Kesho yake vumbi la makarasha yanayosaga mawe limerudi palepale. Kijana mmoja mwenye akili aliichomoa RAM, akayasugua yale meno kwa kifutio cha penseli, hiki hiki cha watoto wa darasa la tatu, akairudisha. Ikawaka. Nikamlipa na soda juu. Kulipokucha, kioo cheusi.

Halafu kuna suala la tarehe. Ndani ya mazabodi mna kijibetri cha duara, CR2032, volti 3, kazi yake kuikumbusha mashine saa na mipangilio yake umeme ukiwa umezimwa. Changu kilikufa. Kwa hiyo ikikubali kuwaka, inaniomba nibonyeze F1, kisha inanitangazia kuwa leo ni tarehe 1 Januari 2002. Kwa kompyuta yangu, Rais ni Mkapa, sisi bado ni watu wa Wilaya ya Chunya, na Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016, haupo hata kwenye ndoto. Nikifungua intaneti, tovuti zinanikatalia, eti vyeti vyao vya usalama havijaanza kutumika. Mwenye duara mmoja, yaani shimo la machimbo, alichapa kwangu mkataba na wachimbaji wake, wakagawana mifuko ya mawe kwa maandishi, wakaweka dole gumba. Baadaye ndipo mmoja wao akagundua kuwa kwa mujibu wa tarehe iliyojiandika juu ya karatasi, alisaini kabla hajazaliwa. Wakadai nichape upya bure. Betri mpya ilikuja kutoka Mbeya, tarehe ikatengemaa. Kugoma kukabaki.

Nikaamua kuipeleka Tunduma kwa fundi anayesifiwa. Msikilizaji asiyetoka huku anaweza kudhani ni safari ya ndani ya mkoa. Ndiyo, kwenye ramani. Barabarani unakwenda Mkwajuni, unatoka mkoani kwako, unaingia Mkoa wa Mbeya mpaka Mbalizi, unashika barabara kuu ya Zambia, kisha unarudi mkoani kwako kupitia Mlowo na Vwawa kama mgeni. Konda alitaka kuiweka CPU chini ya magunia ya mpunga. Nikaipakata.

Fundi akaichomeka. Ikawaka hapohapo, haikulia hata mlio. Ilikuwa kama mtoto aliyewakesha wazazi kwa homa, wakifika zahanati anakimbizana na kuku wa daktari.

"Mbona nzima, mzee wangu?"

Nikamwambia aizime, aiwashe tena. Ikawaka. Akanitazama kwa huruma, akauliza kwa adabu: "Nyumbani huwa unabonyeza kitufe kipi?"

Nikalipa hela ya kuangaliwa. Sikumweleza kuwa mashimo yote ya barabarani yalikuwa yameshaikalisha RAM vizuri bila kudai chochote. Wala kwamba kwake umeme ulikuwa umetulia. Kwangu unatakiwa kuwa volti 230, lakini karasha la jirani likianza kusaga mawe, taa inafifia na stablaiza inagonga ta-ta-ta.

Aliyeniambia jambo la maana ni fundi redio wa Mkwajuni, mtu asiye na kibao wala kadi. Aliuliza swali moja: inagoma wakati gani? Nikamjibu: asubuhi, hasa miezi hii ya baridi, ikikaa kwenye umeme mpaka jua likipanda, inakubali. Akafungua pawa saplai, akanionyesha kapasita zilizovimba vichwa. Ndani yake mna majimaji ambayo miaka na joto huyakausha, na kapasita iliyochoka hupata taabu zaidi ikiwa ya baridi. Akaongeza kuwa kuna zilizotengenezwa vibaya tangu kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikaliza hata matajiri. Hilo ni kweli: mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta zilizoharibiwa na kapasita mbovu. Yangu si ya kwao, na mimi sijatengewa hata nauli ya kwenda Mkwajuni.

"Sasa tunafanyaje, fundi?"

"Tubadilishe pawa saplai yote. Ninayo moja ya mtumba."

"Nzima?"

Akaifuta vumbi kwa shati lake, akaitazama kwa muda.

"Inafanya kazi, mzee. Ila nayo huwa inachagua siku."

Nikamuuliza bei.